Nani Alipasua Mipira ya Baba

Juzi mjukuu wangu Trezori alikuwa ananipeleka kanisani na taksi yake. Tulikuwa hatujatoka bado mtaani kwetu Katuba, gari likaanza kuyumba upande mmoja kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akashuka, akazunguka, akapiga teke gurudumu la nyuma.

"Kambo, shuka. Tumepasuka."

Bahati nzuri fundi wa mipira alikuwa palepale kwenye kona, kijana mnene aliyesimamisha tairi kuukuu kando ya barabara ili watu wajue kazi yake. Akapaka mate kidoleni, akapapasa, akachomoa msumari mwekundu wa kutu. Akawasha moto wake mdogo, akafungua kopo la gundi. Huku anafanya kazi akamtania Trezori: "Mukubwa, mbele ya yote piga simu ku nyumba. Uulize bibi yako iko na nani."

Bibi kwetu ni mke; watu waliokuwa wamesimama pale wakacheka. Trezori naye akacheka. Lakini mimi nilimwona akitoa simu mfukoni, akaiangalia kidogo, akairudisha.

Mimi sikucheka. Harufu ya ile gundi na ya mpira ulioguswa na moto ilikuwa imekwisha kunifikia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki alichonipa fundi, mkoba wangu wa kanisani magotini, nikiiwaza mipira iliyooza zamani, ya kamiyo, lori ambalo hata chuma chake hakipo tena duniani. Ninyi mliolelewa na mashoferi wa wakati ule, nadhani mtanielewa. Nilisoma kidogo tu kwa masista, lakini majina ya watu hayanitoki, na hofu ya mwaka ule haijanitoka pia.

Baba yangu aliitwa Numbi Anselmi. Aliendesha kamiyo ya Bwana Manoli, Mgiriki mmoja aliyenunua samaki Kasenga na kuwauza hapa mjini. Kamiyo iliondoka tupu, na kule kando ya mto Luapula walipakia samaki waitwao makobo juu ya barafu na pumba za mbao, wakafunika na magunia, kisha baba akarudi upesi kabla jua halijala barafu. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, mawe, na miiba. Mipira ndiyo ilikuwa kila kitu. Kwetu tairi ni mupira: kuna mupira wa inje, ule mgumu wa kukanyaga barabara, na kuna mupira wa ndani unaobeba upepo. Mmoja ukiugua, mwingine haufai.

Baba aliitunza mipira ile kama watu wengine wanavyotunza mbuzi. Kabla ya safari alizunguka na mpini wa nyundo akigonga kila mmoja, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Alichokoa vijiwe vilivyonasa kwenye mifereji ya mpira, kimoja kimoja. Aliposimamisha kamiyo mbele ya nyumba yetu mchana, sisi watoto tulitumwa kulowesha magunia na kuyaweka juu ya magurudumu ili jua lisiyakaushe. Na alikuwa na kopo la rangi nyeupe. Kila mpira wa nje aliupaka alama mahali pale ambapo kichwa cha kuingizia upepo kinatokeza, na hata akiufungua mara ngapi aliurudisha hivyo hivyo, alama mbele ya kichwa.

"Mupira inajuaka nafasi yake," alituambia. "Ukiigeuza-geuza, inakasirika."

Mimi niliamini kabisa kwamba inakasirika. Nilikuwa katika umri ule ambao meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, na kila nilichoambiwa nilikibeba kama kilivyo.

Kisha ukaja msimu wa joto, na mpira wa nyuma upande wa kushoto ukaanza kupasuka. Si kupasuka kwa kishindo. Ulikuwa unatoa upepo polepole, na daima katika safari ya kurudi, kamiyo imejaa. Kwenda, hakuna neno. Kurudi, kabla hawajafika nusu ya njia, kamiyo inainama kushoto na baba analazimika kushuka na jeki katikati ya jua. Aliweka mpira wa ndani mwingine, akatembea kidogo, nao ukaisha. Barafu ikayeyuka. Makobo yakaharibika. Bwana Manoli akafungua magunia, akafunga pua, hakumtukana baba, na baba alisema heri angemtukana. Alimwambia tu kwamba kuna mashoferi wengine wanaoomba volani, usukani wa kamiyo ile.

Baba aliporudi nyumbani tulimsikia kwa pua kabla ya kumwona. Alinuka samaki walioharibika, nguo, nywele, mpaka kwenye kucha. Alitupa mpira wa ndani uliokufa nyuma ya jiko, akaketi, hakula. Mama alimwekea maji ya kuoga akasimama kando na sabuni mkononi, hajui asogee au akae mbali.

Shangazi yangu Mujinga, dada mkubwa wa baba na kwa hiyo Yaya kwa wazazi wangu, aliishi nasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mfagiaji wa uwanja asiye na mwenzake. Jioni moja, baba akiwa bado ananuka, shangazi akasema neno lile, bila kupandisha sauti, huku akichambua sombe, majani ya muhogo:

"Mipira haipasukake bure."

Mama, ambaye jina lake ni Ngoie Filomena, aliinua macho mara moja, akayashusha.

Wenzangu mnajua maana yake. Kwa wale ambao hamkulelewa huku, nitasema wazi. Watu wetu walishika kwamba mwanaume akiwa katika kazi ya hatari, chini ya ardhi, porini au barabarani, mke wake anamlinda akiwa nyumbani. Mke wa shoferi halumbani na mtu, hatoi moto wa jikoni kwake kumpa jirani, hasuki nywele, na zaidi ya yote hana mwanaume mwingine. Akikosa hapo, njia inajua. Mwamba unaanguka, mnyama anageuka, mpira unapasuka. Hakuna aliyehitaji kumfungulia mama kesi. Ilitosha kusema mipira haipasuki bure, kila mtu akamaliza mwenyewe.

Mimi nilimaliza kwa namna yangu ya kitoto. Nilifikiri ni jambo linalotokea papo hapo, kama ukibonyeza hapa panalia kule. Kama mama atamcheka mwanaume hapa Katuba, basi dakika ileile, huko mbali kwenye njia ya Kasenga, mpira utatoa ulimi na kupumua ssss mpaka uishe. Basi nikaanza kumlinda mama. Baba akisafiri, nilimfuata sokoni nimeshika kitenge chake. Alipokwenda bombani nilikwenda. Muuza chumvi alipomwambia, "Mama, leo umependeza," na mama akatabasamu kidogo tu kwa heshima, mimi nilifumba macho na kusikia kabisa upepo ukitoka.

"Mado, uko na nini?" mama aliniuliza. "Unanikanyaga."

"Hakuna."

"Enda ucheze na benzako."

Singeweza. Nani angelinda?

Na aliyenitia hofu kuliko wote alikuwa Mwansa. Mwansa alikuwa fundi wa mipira, Mubemba aliyetoka Sakania, na kibanda chake kilikuwa nyumba chache kutoka kwetu. Alikuwa na pengo la meno, mikono myeusi isiyosafika, na mdomo usiofungwa. Baba akiwa amelala uchovu wake, mama ndiye aliyembebea mipira ya ndani ili azibe. Ningekuwa mkubwa ningeona ni kazi tu. Lakini Mwansa alimpokea mama kwa makelele.

"Shemeji! Umeniletea mutoto mugonjwa tena?"

"Mugonjwa wako mwenyewe, Mwansa. Ulisema ameshapona."

"Huyu alipona. Kule ku njia njo anapata marazi mupya. Muulize bwana yako anamulishaka nini."

Na mama alicheka. Wakati ule hapakuwa na kitu kingine cha kumchekesha. Nami nikafumba macho.

Kisha Mwansa alijaza mpira upepo kwa pampu ya mguu, akauzamisha katika beseni la maji, akaugeuza taratibu. Mahali penye tundu mapovu yalipanda, bubu-bubu-bubu, na Mwansa akainama sikio lake karibu na maji, anasikiliza, kwa maana macho yake ya karibu hayakuwa mazuri. Niliamini mapovu yale yanasema. Niliamini mpira ulimeza huko njiani sababu ya kupasuka kwake, na sasa ndani ya maji unaitapika neno kwa neno, na Mwansa anasikia yote. Alipokwangua mpira kwa kipande cha bati, akapaka gundi, akaupulizia, akabandika kiraka na kukibana na chuma cha moto, niliona anauziba mpira ule mdomo. Nikamshukuru Mungu. Harufu ya gundi ile ikawa kwangu harufu ya siri iliyozibwa, na kila mara niliogopa kwamba kiraka hakitashika.

Shangazi naye aliona tunapita kwenda kwa Mwansa na kurudi. Siku moja aliniita nyuma ya nyumba, akanipa andazi la moto lililofungwa katika karatasi.

"Mado, weye iko macho yangu. Mama yako na ule Mubemba banasemaka nini?"

"Banasema ya mipira, shangazi."

"Mipira tu?"

"Mipira."

"Na banachekaka?"

Andazi lilikuwa mkononi mwangu, mafuta yakaanza kuteremka kwenye kiganja, kwenye kifundo, mpaka kwenye kiwiko. Niliyatazama yakishuka. Nilijua nikisema ndiyo, mama amekwisha. Nikisema hapana, shangazi atajua ninadanganya, kwa sababu yeye aliwahi kusikia kicheko kile mwenyewe kutoka barabarani. Nikakaa kimya mpaka andazi likapoa, naye akaniacha. Nililitupa kwa kuku.

Mipira ya ndani iliyokwisha kabisa, isiyokubali kiraka tena, ilirundikana nyuma ya jiko. Wake wa mashoferi walikuwa na kawaida ya kuikata mikanda mirefu, na watu wa makala, wauza makaa, walikuja kuichukua kufungia magunia yao. Mama aliketi alasiri na kisu chake, akakata. Na siku moja nikaona amesimamisha kisu. Ameushika mpira mmoja magotini, akauacha, akavuta mwingine kutoka kwenye rundo, akautazama, akavuta mwingine. Hakukata tena siku ile. Aliitundika yote kwenye ukuta wa jiko na hakuniambia kwa nini.

Safari iliyofuata baba alirudi anatembea kwa gurudumu la chuma. Mpira wa ndani uliisha, wa akiba ukaisha, akajaza majani makavu ndani ya mpira wa nje, akayashindilia kwa fimbo, akasogea hivyo polepole mpaka majani yakawa unga, akauvua mpira na chuma kikala ardhi. Samaki wote waliharibika. Bwana Manoli alimwambia alete kamiyo ikiwa nzima kabla ya wiki kwisha, au alete ufunguo.

Asubuhi yake shangazi alitandika kitenge sakafuni na kuanza kuweka nguo za mama juu yake. Hakufanya kwa fujo. Alikunja kila kitu vizuri, blauzi juu ya blauzi. Mama alikuwa na jamaa zake Mitwaba, na kila mtoto pale alijua mwanamke akifungiwa kitenge hivyo harudi, na watoto hubaki kwa watu wa baba. Nilisimama mlangoni. Ningependa kusema nililia, lakini sikulia. Nilikuwa nahesabu kichwani wanaume wote waliowahi kumsalimu mama, nikitafuta ni yupi niliyemwacha apite.

Kabla ya furushi lile la nguo kufungwa, baba alisema kwanza watu wakae waseme. Wakakaa uwanjani, jua likiwa juu. Mwansa naye aliitwa. Alikuja na mikono yake myeusi, akaketi mbali sana na mama, karibu kwenye barabara, mpaka baba akamwambia, "Mwansa, sogea. Tutakupigia kelele kutoka huku?"

"Niko muzuri hapa, kaka," Mwansa alijibu. Kwa mara ya kwanza sikumwona na mzaha.

Shangazi alisema maneno machache. Kaka yake anapoteza kazi. Mupira iko inasema kila safari, na hakuna anayeisikiliza. Mwanamke arudi kwao mbele kamiyo haijaua muntu.

Baba alimgeukia mama. Macho yake yalikuwa mekundu ya usingizi. "Filomena, iko na neno?"

Mama aliinuka. Nilidhani anakwenda kuchukua nguo zake. Akaenda jikoni, akarudi amebeba mipira yote ya ndani mabegani kama nyoka waliokufa. Akailaza chini, mmoja kando ya mwingine, vichwa vyote vya upepo vikielekea mlango wa nyumba. Kisha akapiga magoti, akaweka bega lake kwenye kichwa cha mpira wa kwanza na kunyoosha mkono. Vidole vyake vikaishia kwenye kiraka. Akafanya hivyo kwa wa pili. Vidole vikaishia kwenye kiraka. Wa tatu, tundu lilikuwa wazi bila kiraka, na vidole vikaingia humo.

"Muangalie," akasema. "Yote imetobokea pale pale."

"Na kisha?" shangazi akauliza.

"Yaya, mutoto akirudia kila siku na suruali ya kupasuka pa nafasi moja, utapiga mutoto? Ao utaenda kuangalia benchi anaikaliaka?"

Mwansa alisahau kukaa mbali. Alisogea kwa magoti, akapima naye kwa mkono wake, akapiga mluzi. Baba alikunja uso.

"Nilishapitisha mukono mu mupira ya inje," alisema. "Mara na mara. Haina kitu."

"Na mi pia," Mwansa akasema. "Nilipangusa mpaka na kitambaa. Kitambaa haikunasa."

"Mulipangusa ikiwa inalala bure," mama akajibu. "Kamiyo ikibeba samaki, mupira inalalaka vile?"

Baba akainuka, akauviringisha ule mpira wa nje wa kushoto kutoka ukutani, wenye alama yake nyeupe na vipande vya majani bado vimeshika ndani. Akaulaza. Akamwambia Mwansa apande juu ya ukingo na kukanyaga kwa uzito wake wote, upande ambao mkono wa mama ulipima kutoka kwenye alama. Mpira ukajikunja. Baba akaingiza mkono, akapapasa polepole.

"Aï!"

Akautoa. Damu ilikuwa inatiririka kwenye kidole chake cha kati. Mwansa akashuka, baba akaingiza mkono tena: hakuna kitu. Mwansa akapanda: kitu kipo. Walikitoa kwa koleo, wakivuta na kutukana. Kilikuwa uzi mmoja wa kamba ya chuma, ile ya kufungia mizigo mizito, mwembamba kama mfupa wa samaki, umejificha ndani ya nyama ya mpira. Kamiyo ikiwa tupu, ulilala. Samaki wakipanda, ukatoa kichwa na kuuma. Na kwa kuwa baba alirudisha mpira kila mara katika nafasi yake, uliuma palepale.

Nilitaka kuruka. Nilimtazama mama, nikaona hajamwondolea shangazi macho, nikajua mambo bado.

Shangazi alikuwa ameupokea ule uzi wa chuma katika kiganja. Aliugeuza-geuza muda mrefu.

"Muzuri," akasema. "Iko waya. Minaona. Lakini makamiyo ngapi inapitaka ku ile njia? Juu ya nini waya iingie mu mupira ya kaka yangu tu?"

Hofu yote ikanirudia kwa pamoja. Kwa sababu lilikuwa swali zuri. Hata leo, na uzee wangu, silijui jibu lake. Baba aliangalia chini. Mwansa akaanza kurudi nyuma taratibu kwenda nafasi yake ya barabarani.

Mama ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ndogo sana. "Yaya. Na weye balikusema vile vile, siku Mulongo alibakia mu shimo."

Sisi watoto tulijua tu kwamba shangazi ni mjane. Siku ile ndipo niliposikia kwamba mume wake, Mulongo, aliangukiwa na mwamba mgodini, na kwamba ndugu za Mulongo walisema shangazi hakumlinda. Walimtoa nyumbani kwake na nguo alizovaa mwilini, wakabaki na watoto. Ndiyo sababu aliishi nasi, na ndiyo sababu hatukuwahi kuwaona binamu zetu.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema, "Usitaje jina yake." Kisha akasema, "Mi nilikubali. Balisema, na mi nikakubali. Nilibeba. Juu ya nini weye usibebe?"

Kuku walikuwa wanachokora kati ya mipira. Hakuna aliyewafukuza. Baba alichana kipande cha shati lake, akafunga kidole, akavuta fundo kwa meno. Alimtazama dada yake, akamtazama mama, kisha akatazama kitenge cha nguo kilichokuwa kinaonekana kupitia mlango ulio wazi.

"Filomena," akasema, "fungua ile nguo. Kesho utapanda na mi. Tutaenda ku Kasenga."

"Mwanamuke mu kamiyo ya samaki?" shangazi akasema. "Bantu batakucheka."

"Bacheke."

Walikwenda. Mama alipanda amevaa viatu vya kanisani, ameketi wima sana, hajui aweke mikono wapi. Mwansa alikuwa ameziba mpira wa mwisho uliokubali kuzibwa, na baba aligonga magurudumu yote kwa mpini wa nyundo, akarudia tena yote. Kamiyo ikaondoka, mimi nikabaki na shangazi.

Sikuwa nimewaza jambo hilo. Zamani niliogopa mpira upasuke kwa ajili ya mama. Sasa mama alikuwa juu ya mpira. Na nyumbani hapakuwa na mtu wa kulinda njia, isipokuwa shangazi. Basi nikamlinda shangazi. Nilimfuata bombani. Nilimfuata sokoni. Naye, niliona, alikuwa anajilinda mwenyewe. Jirani alipokuja kuomba kaa la moto, shangazi alimwambia moto umezimika, na moshi ulikuwa unatoka jikoni mbele ya macho yao. Mwanamke mmoja alimkanyaga kwenye foleni ya maji akamtukana, na shangazi Mujinga, ambaye mtaa mzima ulimwogopa, aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, mama." Usiku sikusikia pumzi yake ya usingizi. Tulilala kitanda kimoja, kila mmoja akisikiliza barabara, na hatukuambiana neno.

Siku waliyotarajiwa, hawakufika. Jua lilipanda, likageuka. Shangazi alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akafagia tena mpaka udongo ukawa laini kama unga. Nilipouliza kama kamiyo imepasuka, aliniambia nifunge kinywa, kisha akanivuta karibu na kunishika kichwa kwenye tumbo lake. Alinuka sabuni na moshi. Sikumbuki kama aliwahi kunishika hivyo kabla.

Ilikuwa alasiri ya kesho yake tuliposikia honi. Kamiyo ilikuja imesimama wima, haikuinama kushoto wala kulia. Baba alikwisha kuteremsha samaki kwa Bwana Manoli na alikuwa na kapu la makobo kwa ajili yetu, mabichi, macho yao bado yanang'aa. Alitoa kichwa dirishani kabla hata hajazima injini, akacheka meno yote nje, akapaza sauti ili mtaa mzima usikie:

"Yaya! Tumepasuka!"

Shangazi aliangusha ufagio.

"Mumepasuka wapi?"

"Ku njia ya kurudia. Mbele, mukono ya kuume. Musumari!" Akautoa mfukoni na kuuonyesha juu, kama mtu anayeonyesha medali. "Filomena njo alipampu. Muangalie mikono yake."

Mama alikuwa anateremka kinyumenyume, akitafuta kidato kwa mguu. Viatu vya kanisani vilikuwa mkononi. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye magoti, na viganja vyake vyeusi kama vya Mwansa.

Shangazi alikwenda mpaka karibu na gurudumu. Hakumwangalia mama. Alimwangalia baba.

"Na ikipasuka, ye alikuwa wapi?"

"Pembeni yangu. Anakula muhindi."

"Ya kuchoma," mama akasema.

"Pembeni yako kabisa?"

"Yaya, magoti yake ilikuwa inanizuia kutia vitesi." Akatikisa mkono wa gia kuonyesha.

Shangazi alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya mpira wa mbele, ule uliopasuka. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Nilisikia mwishoni tu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu: "Pembeni kabisa." Alisema hivyo mara kadhaa, kisha akataja jina la Mulongo. Baba akaacha kucheka.

Kisha shangazi akafungua kitenge chake cha juu, kile kizuri chenye maua ya njano ambacho hakukifua pamoja na nguo nyingine. Akakikung'uta, akakitandika chini katika uwanja ule alioufagia, akakinyoosha pembe kwa pembe.

"Ikala, mama," akamwambia mama yangu.

Mama aliangalia kitenge, akaangalia miguu yake yenye udongo, akasita.

"Ikala. Vumbi inatokaka na maji."

Mama akakaa.